Maswali ya wasomaji: Fungu la vijana katika halmashauri za vijijini

Safari hii ukurasa huu wote tumewaachia vijana wa vijijini wa Tanzania Bara, ambao barua zao kuhusu halmashauri zimekuwa zikirundikana mezani. Barua ndefu tumezifupisha. Pale mwandishi anapoilalamikia ofisi au kiongozi, hatukutaja jina wala wilaya, kwa kuwa upande wa pili haukupata nafasi ya kujieleza.

Shikamoo mjibu maswali. Sisi ni vijana saba tunaolima alizeti na kufuga kuku. Diwani wetu amewahi kutuambia kwenye mkutano wa hadhara kwamba akishinda tena atatupatia mkopo wa asilimia kumi, na mwenzetu mmoja akaambiwa aanze kwa kuchukua kadi ya chama. Tunataka kujua: mikopo hii ni ya diwani, ya chama, au ni ya nani? Na je, kwa nini kata ya jirani inapata kila mwaka na sisi hatupati? — Kijana mkulima, Kanda ya Kati

Marahaba, mwanangu. Mikopo hiyo si ya diwani wala ya chama chochote. Ni ya kisheria. Utaratibu wa halmashauri kutenga sehemu ya mapato yake kwa ajili ya wanawake na vijana ulianza miaka ya 1990, lakini kwa muda mrefu uliendeshwa kwa miongozo tu, kwa hiyo mkurugenzi aliyebanwa na madeni aliweza kuuruka bila kuulizwa sana. Mwaka 2018, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo, Bunge liliingiza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na tangu hapo kila halmashauri inalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kanuni za kuendesha mikopo hiyo zilitoka mwaka 2019 na zimerekebishwa zaidi ya mara moja. Kadi ya chama haimo katika masharti yake, na anayeidai kwenu anawadai kitu ambacho sheria haikumpa mamlaka ya kukidai.

Diwani, hata hivyo, ana nafasi yake halali: anakaa katika Baraza la Madiwani linalopitisha bajeti na kupokea taarifa za mikopo, na anaijua kata yake. Anaweza kuwasemea. Kuwapa hawezi, kwa sababu fedha si yake, na ile hundi kubwa ya mfano anayopigiwa picha akiikabidhi haina uzito wowote benki.

Sasa nije kwenye kiasi, kwa maana hapa ndipo vijana wengi hujenga matumaini makubwa kuliko chungu chenyewe. Asilimia 10 hukatwa katika mapato ya ndani, siyo katika fedha zote zinazopita halmashauri. Mishahara ya walimu, fedha za kujenga madarasa na zahanati kutoka Serikali Kuu, fedha za wafadhili, zote hizo hazihesabiwi, na hata ndani ya mapato ya ndani huondolewa kwanza zile fedha zilizolindwa kwa matumizi maalumu, kama michango ya huduma za afya. Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane: halmashauri ya vijijini ikikusanya shilingi bilioni 2 zinazostahili kukatwa, fungu lote la mikopo ni milioni 200, na la vijana ni milioni 80. Ikiwa ina kata 25 na ikaamua kugawa sawasawa, kila kata inapata milioni 3.2 kwa mwaka mzima. Hizo haziwezi kuwatosha vijana wote wa kata moja, na ndiyo sababu baadhi ya halmashauri huona heri kuvipa vikundi vichache fedha ya maana kuliko kuvinyunyizia vyote. Huenda hilo ndilo jibu la swali lako la kata ya jirani. Huenda pia wenzenu wanarejesha, na kwenu kiliwahi kukopeshwa kikundi kilichotoweka. Marejesho hubaki katika akaunti ya mikopo ili yakopeshwe tena, na afisa yeyote mwenye akili huangalia kwanza kata inayorudisha.

Jambo la pili ambalo halisemwi mikutanoni ni msimu. Halmashauri ya mjini hukusanya leseni za biashara na ushuru wa huduma mwaka mzima, lakini halmashauri ya vijijini huishi kwa ushuru wa mazao. Ushuru huo hulipwa na mnunuzi, na tangu mwaka 2017 ulishushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Hatua hiyo iliwapa nafuu wakulima na wafanyabiashara, ikapunguza makusanyo ya halmashauri, na kwa hiyo ikapunguza pia fungu la vijana, ingawa sikumbuki kusikia kiongozi yeyote akiueleza uhusiano huo. Kule Lindi na Mtwara akaunti hujaa baada ya minada ya ufuta na korosho. Katika wilaya za alizeti na mahindi hujaa baada ya mavuno. Kikundi kinachopeleka maombi wakati mazao yangali shambani kinakuta akaunti tupu na kurudi kijijini kikisema kimenyimwa, ilhali kilichokosekana ni fedha ya kugawa.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Jisajilini kama kikundi kupitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata; saba mnatosha, kwa sababu idadi ya chini kwa vijana, iliyokuwa watu kumi katika kanuni za 2019, baadaye ilishushwa hadi watano. Andaeni katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa, akaunti ya benki ya kikundi, namba za NIDA, yaani za kitambulisho cha taifa, za kila mmoja na andiko la mradi linaloeleza bei na soko, siyo ndoto tu. Kuhusu umri, mkopaji awe ametimiza miaka 18. Kikomo cha juu kilikuwa 35 katika kanuni za 2019, lakini kwa kuwa kanuni zimebadilishwa tangu hapo, mwulizeni afisa awaonyeshe toleo linalotumika mwaka huu, mlisome wenyewe. Kisha, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, mwandikieni mkurugenzi mtendaji barua moja fupi mkiuliza mambo matatu: fungu la vijana lililokadiriwa mwaka huu ni kiasi gani, limekwishawekwa benki kiasi gani, na vikundi vilivyokopeshwa mwaka jana ni vipi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kuwajibu. Barua iwe na adabu, iwe na nakala, na nakala igongwe muhuri wa mapokezi.

Kikundi chetu kilikamilisha kila kitu mwanzoni mwa mwaka 2023, tukapita ngazi ya kata, tukaambiwa tungoje. Hadi leo ni kimya. Wengine wanatuambia mikopo ilifutwa, wengine wanasema imehamia benki. Tuamini lipi? — Mwenyekiti wa kikundi cha vijana mafundi seremala

Haikufutwa, ilisimamishwa. Mwezi Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kusitishwa kwa utoaji wake, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha mabilioni ya shilingi ambayo hayakurejeshwa, baadhi yakiwa yamekopeshwa kwa vikundi hewa. Fedha ziliendelea kutengwa wakati Serikali ikitafuta utaratibu mwingine. Mwaka 2024 mikopo ilirejeshwa kwa njia mbili. Halmashauri kumi ziliteuliwa kujaribu kukopesha kupitia benki: majiji ya Dar es Salaam na Dodoma, manispaa za Kigoma Ujiji na Songea, miji ya Newala na Mbulu, na wilaya za Siha, Nkasi, Itilima na Bumbuli. Zilizobaki, ambazo ni 174 kati ya 184, ziliendelea kukopesha zenyewe kwa kanuni zilizokazwa na kwa usajili wa kielektroniki. Wanaowaambia kwamba mikopo imehamia benki huenda wamesikia habari za mojawapo ya hizo kumi.

Maombi yenu ya karatasi ya mwanzoni mwa 2023 msiyahesabu tena. Nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mkaulize kama kikundi chenu kimo kwenye mfumo, kwa jina lile lile lililo kwenye hati ya usajili na kwenye akaunti ya benki. Herufi moja ikitofautiana, mfumo hautawatambua, na hakuna atakayewapigia simu kuwaambia.

Nami niseme langu kuhusu kule kusimamishwa. Kuwakamata waliounda vikundi hewa lilikuwa jambo la haki, na ripoti za ukaguzi zilikuwa zimelilalamikia tatizo hilo kwa miaka. Lakini vikundi hewa haviwezi kujiidhinisha vyenyewe. Kila kimoja kilipita mezani kwa mtumishi aliyelipwa mshahara kukikagua. Waliokaa zaidi ya mwaka bila mkopo walikuwa vijana kama nyinyi, mliokuwa na randa, misumeno na oda za madawati.

Tumepanda parachichi ekari tatu. Mradi umesifiwa na wataalamu wote, lakini tumeshauriwa tusiuombee mkopo wa halmashauri. Kwa nini, wakati Njombe nzima inaimba parachichi? — Msomaji wa Njombe

Aliyewashauri anawatakia mema. Mche wa parachichi uliobebeshwa huhitaji takriban miaka mitatu kabla ya kukupa mavuno ya kuuza, na mkopo wa halmashauri huanza kudaiwa mapema zaidi ya hapo. Kipindi cha kuanza kurejesha kimeandikwa kwenye mkataba na kinahesabika kwa miezi. Mtakuwa mnarejesha kutoka mifukoni mwenu, na mkishindwa, wote mtadaiwa kwa pamoja, hata yule ambaye hakukosa siku moja shambani.

Ombeeni mkopo kitu kinachozunguka upesi ndani ya shamba hilo hilo. Maharage au viazi mviringo katikati ya mistari ya miche michanga huvunwa ndani ya miezi michache. Kitalu cha miche, kama mmoja wenu amejifunza kubebesha vizuri, huuzika mapema na kina wateja mkoa mzima. Kuku wa nyama hutoka kwa wiki tano au sita, ingawa bei ya chakula chao imewafilisi wengi waliokurupuka. Parachichi ziendelee kukua kwa jasho lenu, na deni lilipwe na kile kinachovunwa mapema.

Nina miaka 26. Baba ana ekari kumi na mbili na watoto tisa, na hajagawa. Kijijini nikaomba kipande cha kulima nikajibiwa kwamba ardhi imekwisha, lakini mwaka huo huo alikuja mtu kutoka mjini akapewa ekari hamsini. Je, halmashauri inaweza kunisaidia? — Kijana asiye na shamba

Ningeambiwa nichague swali moja tu la kulijibu katika ukurasa huu, ningechagua hili. Vijana wengi huandika kuhusu mikopo na wachache huandika kuhusu ardhi, wakati mkopo bila ardhi huishia katika pikipiki ya kukodisha au duka la vocha, na kijiji hakihitaji duka la vocha la kumi.

Kuhusu baba, sina la kisheria la kukupa. Mali ni yake akiwa hai, na hakuna ofisi inayoweza kumlazimisha kugawa. Unachoweza kumwomba ni ruhusa ya kutumia sehemu kwa misimu inayojulikana, kwa maandishi, mbele ya ndugu zako na mtendaji wa kijiji, ili ukitia mbolea na kuchimba kisima cha kumwagilia, kaka mkubwa asije akakutoa msimu unaofuata. Wazee wengi hukataa kugawa lakini hawakatai kuazima, hasa mtoto akiomba kwa heshima na akapitia kwa shangazi au mjomba anayesikilizwa.

Kuhusu kijiji, hapo una miguu ya kusimamia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, yaani lile baraza lenu la watu 15 hadi 25, lakini inalikataza baraza hilo kumgawia mtu yeyote ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi, na wewe umo. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: ekari hamsini ziliidhinishwa katika mkutano upi, na muhtasari wake uko wapi? Liulize ndani ya mkutano, kwa sauti ya kawaida, bila kumtaja mtu kwa ubaya. Kama muhtasari upo na watu walikubali, basi kijiji kiliamua, na somo ni kuhudhuria. Kama haupo, una hoja ya kuipeleka kwa mtendaji wa kata na kwa ofisi ya ardhi ya wilaya, kwa maandishi.

Hapo ndipo halmashauri ya wilaya inapoingia. Vijiji vyenye mpango wa matumizi ya ardhi vimechora maeneo ya makazi, malisho, kilimo, misitu na akiba. Wataalamu wanaochora ni wa wilaya, lakini wanaoidhinisha ni wanakijiji, na hakuna kinachowazuia kutenga eneo la kilimo kwa ajili ya vikundi vya vijana. Sheria yenyewe inaruhusu kikundi cha raia walioungana kisheria kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, si mtu mmoja na familia yake tu. Serikali Kuu ilipoanzisha mwaka 2023 mradi wa Jenga Kesho Iliyo Bora, maarufu kwa kifupi cha BBT, na kuwakusanya vijana katika mashamba makubwa ya Chinangali na Ndogowe mkoani Dodoma, nililiona wazo zuri lenye gharama kubwa: kisima, umeme, nyumba, na vijana waliotolewa mbali na kwao. Kijiji kikitenga ekari thelathini karibu na mto, na wilaya ikatoa afisa ugani na pampu, gharama inakuwa ndogo na kijana analala kwao. Sielewi kwa nini jambo hilo halijaandikwa katika kila bajeti ya halmashauri. Huenda ni kwa sababu ekari thelathini za vijana wa kijiji hazimvuti waziri kuja kuzizindua.

Tuko wasichana watano tulioacha shule kwa sababu ya uzazi. Tunashona sare za shule. Je, ni kweli kwamba halmashauri inapaswa kununua kwetu? — Washonaji, Kagera

Ni kweli kwa sehemu. Sheria ya Ununuzi wa Umma, iliyoandikwa upya mwaka 2023, inazitaka taasisi za umma, halmashauri zikiwemo, kutenga asilimia 30 ya bajeti yao ya ununuzi ya mwaka kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Haisemi kwamba lazima wanunue kwenu. Inasema zabuni hizo zishindaniwe na makundi hayo peke yake. Sare kwa kawaida hununuliwa na mzazi, kwa hiyo soko hilo ni la mlango kwa mlango; lakini halmashauri na taasisi zake hununua mapazia, mashuka ya vituo vya afya, makoti ya wauguzi na chakula cha mikutano, na hutoa kazi za usafi na ukarabati mdogo.

Ugumu ni kwamba zabuni zote za umma sasa hupitia mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Asiyesajiliwa humo haonekani, hata akishona vizuri kuliko wote. Usajili wa makundi maalumu hufanywa kwa kupitia halmashauri, kwa hiyo mwendeeni afisa maendeleo ya jamii, na mkitoka kwake mpitie kwa afisa ununuzi wa wilaya mkamwulize mpango wa ununuzi wa mwaka unaonyesha nini kwa ajili ya makundi maalumu. Wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo na kundi la vijana, na atawakumbuka.

Tahadhari moja, wanangu. Malipo ya halmashauri huchelewa, wakati mwingine kwa miezi. Msichukue kazi itakayomeza vitambaa vyote mlivyo navyo. Chukueni sehemu mnayoweza kuingoja huku mkiendelea kushonea wazazi.

Nasafirisha magunia manane ya mahindi kwa guta kwenda soko la wilaya ya jirani. Kwenye kizuizi nadaiwa ushuru. Ni haki? — Mchuuzi

Magunia manane ya kilo mia ni kilo 800. Tangu mabadiliko ya mwaka 2017, anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hatozwi ushuru wa mazao. Mweleze mkusanyaji kwa utulivu, na akishikilia, lipa lakini dai risiti ya mashine ya POS, kisha ipeleke kwa mweka hazina wa wilaya. Akikunyima risiti, hiyo fedha haiendi halmashauri.

Kijana wangu ni fundi pikipiki hodari, alijifunza kwa kukaa gereji tu. Kila anapoomba kazi anadaiwa cheti. Sina uwezo wa kumpeleka chuo miaka miwili. — Mama, Tabora

Mama, hahitaji kuanza upya. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza nje ya darasa na kumpa cheti kwa ujuzi alio nao, baada ya majaribio na mafunzo mafupi ya kuziba mapengo. Mwulizie utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Serikali imekuwa ikigharamia baadhi ya awamu zake, na matangazo hupitia halmashauri, kwa hiyo afisa vijana wa wilaya ni mtu wa kumjua. Kama anapenda kusoma zaidi, vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, 54 nchini kote, ambavyo tangu 1975 vimekuwa vikifundisha ufundi kwa watu wa vijijini kwa gharama ya wastani, na vina kozi fupi.

Mimi ni mtendaji wa kijiji. Nasoma ukurasa wenu na naona lawama zote ni zetu. Naitisha mkutano mkuu, wanakuja wazee na akina mama. Vijana wako kijiweni, mita mia moja kutoka hapo, wanacheza pool. Siku ya kugawa mikopo ndiyo nawaona. Nifanyeje? — Mtendaji

Ndugu mtendaji, una haki ya kulalamika, na barua yako tumeichapa bila kuipunguza. Sheria inataka mkutano mkuu ufanyike angalau kila baada ya miezi mitatu, na kijana asiyefika mara nne kwa mwaka hawezi kudai kwamba alifichwa mambo.

Lakini ruhusu nikuulize nawe machache. Mkutano wako huanza saa ngapi? Ukianza saa nne asubuhi ya siku ya kazi, waendesha bodaboda wako barabarani na vibarua wako mashambani kwa watu. Walio kijiweni ni wale wachache unaowaona. Wengine wako njiani wakitafuta ada ya mdogo wao. Jaribu saa kumi jioni, au Jumapili baada ya ibada. Ajenda ubandike ubaoni wiki nzima kabla, uitume pia kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kama lipo, na namba moja ya ajenda iwe mapato na matumizi yenye tarakimu. Nimeona vijiji ambavyo ajenda ya kwanza ni salamu za viongozi saba waliohudhuria, na kufikia ya nne hata wazee wanasinzia.

Kisha mpe kijana kazi. Kamati za halmashauri ya kijiji, za fedha na mipango, za huduma za jamii, za ulinzi, zinahitaji watu wa kuandika, kupima na kufuatilia, na mara nyingi kijana aliyemaliza kidato cha nne ndiye pekee mwenye mwandiko unaosomeka. Kijana aliyeandika muhtasari wa mkutano hatauliza mkopo ulitolewa lini. Ataandika tarehe mwenyewe. Wasichana wenye watoto wachanga uwape nafasi ya kuzungumza mapema, kwa maana wao huondoka kabla ya mengineyo, na hoja zao hufa kwa sababu hiyo tu.

Nina miaka 23. Wazee wananiambia uongozi wa kijiji si wa watoto. Je, sheria inanizuia kugombea uenyekiti wa kijiji? — Msomaji wa Rukwa

Haikuzuii. Anayegombea uenyekiti wa kijiji au wa kitongoji anatakiwa awe ametimiza miaka 21, awe mkazi wa eneo hilo, na atimize sifa nyingine zinazotajwa katika kanuni za uchaguzi, ikiwemo kudhaminiwa na chama cha siasa, maana hakuna mgombea binafsi. Sheria inawahakikishia wanawake nafasi zisizopungua robo ya halmashauri ya kijiji, lakini vijana haikuwatengea hata moja, na ile Sheria ya Baraza la Vijana la Taifa, iliyopitishwa mwaka 2015 na kutegemewa kuwapa vijana jukwaa lao wenyewe, ilikaa miaka mingi kabatini bila kutekelezwa. Kwa hiyo utashindana na wazee kwa kura tupu.

Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na viongozi waliochaguliwa wanakaa miaka mitano. Nafasi ikiachwa wazi katikati, kwa kifo, kuhama au kujiuzulu, huitishwa uchaguzi mdogo, na tangazo lake hubandikwa ofisi ya kijiji na ya kata. Ukianza na ujumbe wa halmashauri ya kijiji badala ya uenyekiti, utakuta wapinzani wachache, na utaketi katika chumba ambamo maombi ya ardhi yanajadiliwa kabla hayajafika mkutano mkuu.